Picha kwenye fomu ya chuo: tuulize inatafuta nini



Leo nazungumzia uso. Je, sura ya mtu inaweza kumfungia mlango wa chuo kikuu? Ndiyo. Na kuna chuo mashuhuri kilichofanya hivyo kwa mpango kabisa.

Ni Harvard, Marekani, miaka ya 1920. Vijana wa Kiyahudi, wengi wao watoto wa wahamiaji, walikuwa wanafaulu mtihani wa kuingia. Rais wa chuo, A. Lawrence Lowell, akaona wamezidi. Mwaka 1922 alitaka wasipite asilimia 15. Wahadhiri wakakataa. Kufikia 1925 Wayahudi walikuwa zaidi ya robo ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Sasa tazameni mlango wa nyuma. Fomu ilikuwa imeanza kuuliza: dini yako ni ipi? Baba alizaliwa wapi? Jina la mama kabla hajaolewa? Na hili: jina lako au la baba yako limewahi kubadilishwa? Mwaka 1926 ikaongezwa picha, na "tabia" ikapewa uzito mkubwa. Hapakuandikwa popote kwamba Myahudi asiingie. Lakini idadi yao ikashuka. Alama za mtihani unaweza kuzidai zihesabiwe upya. Tabia iliyopimwa na mtu aliyeshika picha yako, utaikatia rufaa vipi?

Maswali hayo sisi hayatushangazi. "Babu yako alizaliwa wapi?" Wengi wetu tumeulizwa tukitafuta kitambulisho, na mwenzako mwenye jina lingine amepita bila swali.

Upande wa chuo, hapa Kenya tuna kitu cha kulinda. KUCCPS inapanga wanafunzi kwa alama za KCSE na pointi za klasta, haimwiti mtu ikamtazama uso. Lakini kupata nafasi si kupata karo. Kwenye mahojiano ya basari na ufadhili kuna meza, kuna kamati, na kuna ndevu zako au hijabu yako. Sisemi kila kamati ina nia mbaya. Nasema jicho huamua kabla karatasi haijafunguliwa, hata kwa mtu mwema.

Kwa hivyo tudai mambo matatu. Kwanza, picha isiombwe mpaka mtu ameshachaguliwa; kazi yake ni kadi ya mwanafunzi. Pili, vigezo na alama za kila kigezo vibandikwe ukutani kabla ya mahojiano. Tatu, anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi.

Hatuombi hisani. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi wa dini, kabila, rangi, hata mavazi. Kifungu cha 47 kinampa haki ya sababu zilizoandikwa mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa kiutawala.

Wewe kijana, ukiambiwa "hujatosha", uliza kwa adabu: kwa kigezo gani? Andika tarehe. Weka nakala ya barua. Wazazi, msiwaambie watoto "nyamaza, ndiyo dunia". Tuleteeni hizo karatasi, tuzifuatilie pamoja. Lalamiko lisilo na karatasi halifiki mbali.