Risiti Iliyofutika: Madai ya Majeruhi wa Barabarani Shinyanga na Geita



Nimekuja na kikaratasi kimoja. Mlioko mbele mnakiona kuwa ni cheupe pande zote mbili. Hii ni risiti ya EFD ya vyuma vilivyowekwa mguuni mwa kijana mmoja, abiria wa bodaboda aliyegongwa na gari kwenye barabara ya Geita. Alikuwa mwangalifu kuliko wengi wetu: risiti zote alizitia kwenye mfuko wa nailoni, akauchomeka kwenye kenchi, chini ya bati. Kesi ilipoanza kusikilizwa, joto la bati lilikwisha kuyafuta maandishi yote. Hakimu alimpa fidia ya jumla kwa maumivu. Gharama za matibabu hakupata hata shilingi.

Msimlaumu hakimu. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe la mwaka 1992, ilisisitiza kwamba hasara mahususi lazima itajwe waziwazi katika madai na ithibitishwe. Maumivu hakimu huyakadiria mwenyewe. Nauli, dawa na vyuma hudaiwa kwa karatasi. Basi siku ileile unayopewa risiti, toa kopi.

Huku kwetu taabu huanza kabla ya hapo. Aliyevunjika mguu hukaa wodini siku mbili, kisha ndugu wanampeleka kwa mzee wa kuunga mifupa. Sina ugomvi na wazee hao. Nimeona miguu waliyoiunga ikanyooka. Lakini mzee huyo hulipwa mbuzi, na mbuzi hana risiti. Mwandikieni karatasi, aweke sahihi au dole gumba, na awepo shahidi. Ni ushahidi hafifu, ila unashinda mikono mitupu.

Sasa, nani analipa? Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kila chombo cha moto barabarani kiwe na bima ya kuwalinda watu wengine, hii tunayoiita bima ndogo. Ukishapata hukumu dhidi ya mwenye gari, sheria hiyo inaibana kampuni ya bima ilipe. Ndiyo maana namba ya gari ni mali kubwa kuliko jina la dereva. Dereva anaweza kukimbia, au akapatikana hana hata baiskeli. Kwa namba ya gari, mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, utaonyesha kama lina bima na ni ya kampuni gani.

Usiku wa Agosti 8, 2022, pale Mwakata wilayani Kahama, ajali moja ilihusisha lori, Hiace, trekta na gari dogo. Katika ajali ya namna hiyo, majeruhi asiye na ramani ya polisi ya eneo la tukio atajuaje amdai nani? Fomu ya PF3 tunaijua kwa sababu hospitali wanaidai. Ramani na ripoti ya ukaguzi wa gari hatuziulizii, na kampuni ya bima haitakuletea nyumbani.

Wengi pia husubiri kesi ya trafiki iishe. Ile ni kesi ya Jamhuri na dereva. Wewe ni shahidi tu, na faini inaingia serikalini. Dereva akitiwa hatiani, hukumu hiyo itakusaidia sana katika kesi yako ya madai. Lakini kesi hiyo huna budi kuifungua mwenyewe.

Kuna la michomoko. Gari limekatiwa bima ya matumizi binafsi, nalo linapakia abiria wa nauli kutwa nzima. Likipinduka, kampuni itasema bima ile haikuwa ya biashara, na hoja hiyo ina nguvu. Abiria amelipa nauli kamili kwa kinga ambayo huenda haipo.

Na kipato ulichopoteza je, utakithibitishaje? Mfanyakazi wa mgodi mkubwa ana hati ya mshahara, na akiumia kazini ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi chini ya sheria ya mwaka 2008. Mwenye leseni ndogo ya uchimbaji anayeuza kwenye soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, ana karatasi za mauzo. Yule anayeshuka duarani, yaani shimoni, na kulipwa mgao wa mifuko ya mawe, ambayo pengine ina dhahabu pengine haina, mahakamani anaonekana kama mtu asiye na kazi. Hapa nadhani sheria yetu inakosea, na wanafunzi wangu wa sheria nawaachia kazi hiyo.

Mwisho ni suala la kuyamaliza kienyeji. Mwenye gari anakuja na laki tatu na karatasi iliyokwisha chapwa, mara nyingi kwa Kiingereza, inayosema hutadai tena. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama za nchi hii. Mwambie aiandike kwa Kiswahili, ukaisome nyumbani na mtu unayemwamini. Laki tatu zitakuwepo kesho.

Hata hivyo usikae sana. Muda wa kudai fidia ya namna hii ni miaka mitatu, nayo huhesabiwa tangu siku ya ajali, si tangu siku uliyotupa magongo.