Kwa Miguu kutoka Bukavu mpaka Uvira
(Maneno yaliyosemwa na kikundi cha watembezi siku ya Yubilei)



Kamati ya Yubilei imetuomba tuseme machache juu ya safari tuliyoifanya kwa miguu kwa ajili ya ndugu zetu wa Uvira. Tulikuwa watu 12: vijana 7, mama 3 na wazee 2. Leo tunasema kwa kinywa kimoja, lakini njiani hatukuwa na moyo mmoja siku zote, na jambo hilo hatutawaficha.

Sababu ya safari mnaikumbuka. Mwezi wa 4 mwaka wa 2020 mvua kali ilipiga Uvira, na mto Mulongwe ukatoka katika njia yake, ukaingia majumbani. Watu makumi walikufa, nyumba kwa maelfu zikaharibika. Wakati ule ugonjwa wa korona ulikuwa umefunga njia. Ndiyo maana tulikwenda mwaka uliofuata, watu wengi wakiwa wangali chini ya mabashi.

Kila mtembezi alichukua karatasi yake, akapita katika mashirika, na kila mkristu akaandika franka atakazotoa kwa kilometri moja. Tulipatana kuhesabu kilometri 120. Mzee mmoja akasimama mbele ya wote, akauliza: «Watu wa Uvira wanahitaji masufuria. Miguu yenu itawapikia nini? Toeni feza, mbaki nyumbani.» Hatukuwa na jibu. Hata hivyo yeye mwenyewe aliandika franka nyingi kuliko wengi waliotupigia makofi.

Siku ya kwanza, mpaka Nyangezi, ilikuwa ya nyimbo tu. Siku ya pili ilikuwa ya Ngomo. Aliyepita Ngomo ndani ya motokari tu hajaijua Ngomo. Njia ni nyembamba, mlima upande mmoja na shimo upande wa pili, na kamyo ikija mnajibana ukutani mpaka ipite. Tulifikiri kupanda ndiyo kazi; kumbe kushuka ndiko kunakovunja magoti. Vijana wetu, kwa nguvu zao, walitangulia wakicheka, wakapotea katika mapindi ya njia. Nao ndio waliokuwa wamebeba vibidoni vya maji.

Mama na wazee walishuka kwa saa tatu nzima bila tone la maji. Mama mmoja alikaa juu ya jiwe, akasema hataendelea. Mchuuzi wa ndizi aliyekuwa akipanda, mtu tusiyemjua, alimpa maji yake yote yaliyobaki, akaendelea na njia yake juani. Jioni tulipokutana Kamanyola, maneno yalikuwa makali. Wazee walitaka kurudi. Kijana mmoja alisema kwamba polepole ya wazee itatuua kwa jua la bonde la Ruzizi. Tulilala bila kuagana vizuri.

Kesho yake, kabla ya jua kutoka, tuliweka sharti moja: anayetembea polepole kuliko wote ndiye atakayetangulia, na maji yatabebwa karibu naye. Mzee wetu mmoja akashika fimbo, akaenda mbele. Vijana walinung'unika mpaka Luvungi. Katika bonde hewa ni nzito. Tangu ziwa Kivu mpaka ziwa Tanganyika nchi inashuka karibu metri 700, na mtu wa Bukavu anaisikia tofauti hiyo katika pumzi yake.

Kisha Luvungi mguu wa mzee yule ulijaa malengelenge, yakapasuka. Tulimpandisha pikipiki kwa nguvu, akatungojea kilometri 9 mbele. Usiku ule alitoa karatasi yake, akaandika 111 mahali pa 120. Tulimsihi aache, kwa maana feza si zake, ni za wenye shida. Akajibu: «Watu waliahidi kulipa miguu yangu. Pikipiki sikuwaomba.»

Sange tulipita bila kuimba. Tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka wa 2010 kamyo ya mafuta ilipinduka pale, ikawaka, ikaua watu zaidi ya 230. Tulisimama kidogo, tukaenda.

Uvira tulifika siku ya tano, mikono mitupu. Hilo hatukuwa tumelifikiria: feza zilikuwa bado mifukoni mwa walioziahidi. Watoto walituzunguka wakiuliza tumeleta nini, na sisi tulikuwa na karatasi tu. Tuliona haya. Mama mmoja, ambaye nyumba yake ilichukuliwa na maji, aliazima sufuria kwa jirani, akatupikia ugali na ndagala. Tulikula watu 12 chakula ambacho labda kilikuwa cha siku mbili kwa jamaa yake. Tukamkumbuka mzee wetu na swali lake.

Tuliporudi, tulisoma hesabu yote mbele ya kanisa, na zile kilometri 9 pia. Wengi walilipa 120 kwa huruma. Wengine walilipa 111 sawasawa. Mama mmoja alikataa kulipa hata kidogo, akisema kwamba kama pikipiki ilifaa, ingefaa tangu Bukavu. Hatukumlaumu.

Feza zilinunua masufuria 86 na mablanketi 40. Kisha majuma matatu vitu viliondoka kwa kamyo, na wawili kati yetu wakavisindikiza. Mama yule aliyetupikia alikuwa katika mstari pamoja na wengine. Alipopokea sufuria yake, aliigeuza, akaipiga kwa vidole kusikia uzito wake, kisha akauliza kwanza habari ya mguu wa mzee.