Nani Anasema kwa Niaba ya Dini?
Mhadhara wa kuhitimisha kozi ya mwisho ya Masomo ya Dini



Kozi ya mwisho humtaka mwanafunzi ayakusanye aliyojifunza katika historia, lugha, falsafa na sosholojia, ayaelekeze kwenye swali moja. Swali letu lilikuwa hili: nani ana haki ya kueleza dini ya watu? Nitalijibu kwa vitabu vitatu tulivyovisoma pamoja, vyote vikiwa tafsiri za Kurani kwa Kiswahili.

Cha kwanza kilichapishwa London mwaka 1923. Mfasiri wake, Godfrey Dale, alikuwa padri wa Kianglikana wa misheni ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa), Zanzibar. Alifanya kazi kubwa, lakini maelezo aliyoyaambatanisha yaliwafaa zaidi Wakristo waliojiandaa kuhojiana na Waislamu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza tafsiri yake mwenyewe, akafariki mwaka 1947 kabla ya kuimaliza. Mwaka 1953 kikatoka Nairobi cha pili, tafsiri ya Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi wa jumuiya ya Ahmadiyya. Hatimaye, mwaka 1969, ikakamilika Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, mwanazuoni wa Zanzibar aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Farsy aliwapinga Ahmadiyya waziwazi.

Anayemsoma Dale peke yake hudhani ameujua Uislamu. Akimfungua Farsy, husema sasa amempata msemaji halali. Lakini Sheikh Mubarak naye alijiita Mwislamu, na Farsy hakumkubalia. Mwaka 1959 mtaalamu Wilfred Cantwell Smith alishikilia kwamba maelezo ya dini hayafai kama wenyewe hawayatambui. Kanuni hiyo ni njema, nami naiheshimu. Je, wenyewe wakikhitilafiana?

Jibu langu ni kwamba chuo kikuu hakigawi vyeti vya uumini. Kazi yetu ni kueleza kila msemaji alizungumza na nani, mwaka gani, akitetea nini, na kuipa hoja yake nguvu zake zote kabla ya kuipima. Huko si kukwepa hukumu. Kosa la historia ni kosa hata likisemwa na mcha Mungu, na tafsiri isiyo sahihi husahihishwa hata kama nia ya mfasiri ni safi.

Wala kuzaliwa ndani ya mila hakumpi mtu neno la mwisho. Mwaka huohuo wa 1969, John Mbiti wa Kitui, akifundisha Makerere, alichapisha African Religions and Philosophy, akieleza kwamba Waafrika walimjua Mungu kabla ya wamisionari kufika. Okot p'Bitek, Mwacholi wa Uganda, akampinga vikali: aliona kwamba wasomi wa aina hiyo wanawavisha miungu wa Afrika mavazi ya kigeni. Wote wawili ni Waafrika, wote wawili wasomi, na ubishi wao ndio uliotufundisha zaidi ya kitabu cha mmoja wao.

Wanafunzi wangu, baadhi yenu mtafundisha sekondari, wengine mtaandika magazetini, wengine mtakaa kwenye mabaraza ambako misikiti na makanisa hutafuta suluhu. Kote huko mtaisikia sentensi inayoanza kwa maneno "dini yao inasema". Isimamisheni hapo hapo. Ulizeni ni nani aliyesema, wapi, lini, akimjibu nani, na ni waumini gani waliokataa. Chuki nyingi za kidini huishi kwa sababu hakuna aliyeuliza maswali hayo mapema, na nchi zetu haziwezi kumudu gharama yake.

Tasnifu zenu zimeshasahihishwa. Lililobaki ni deni kwa wale mliowahoji vijijini, misikitini, makanisani na katika misitu ya matambiko. Warudieni. Wasomeeni mlichoandika juu yao, kwa lugha wanayoielewa. Wakikubali, shukuruni, wakikataa, andikeni na kukataa kwao, pamoja na sababu walizozitoa. Shahada yenu ina maana ikiwa mtaweza kufanya hivyo bila kuogopa na bila kudharau.