Vikombe Vitatu vya Chai: Sukari Baada ya Mbio Ndefu



Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake walichapisha matokeo ya kupima chakula cha wakimbiaji 10 wa Kikalenjin waliokuwa kambini nchini Kenya. Asilimia 76.5 ya nguvu yao ya kila siku ilitokana na wanga. Ugali uliongoza, na hilo halimshangazi mtu. Nafasi ya pili ilishikwa na sukari ya mezani, takriban asilimia 20, ikautangulia wali na hata maziwa. Daktari akikuta hesabu hiyo kwa mgonjwa wake, atamfokea.

Mimi nasema wakimbiaji wale wako sahihi, ila kinachowapa haki ni ratiba yao.

Misuli ina akiba yake ya wanga, glikojeni. Mwaka 1966 Wasweden wawili, Jonas Bergström na Eric Hultman, walipanda baiskeli moja ya mazoezi, mmoja huku, mwingine kule, kila mmoja akikanyaga pedali kwa mguu mmoja hadi ukaishiwa nguvu. Kisha wakala wanga kwa wingi, wakawa wananyofoa kwa sindano vipande vidogo vya misuli ya mapaja yao wenyewe. (Kamati ya maadili ya chuo chetu sijui ingesemaje.) Baada ya siku chache mguu uliofanya kazi ulikuwa na glikojeni karibu maradufu ya ule uliopumzika. Tumbo ni lilelile, chakula kilekile: msuli uliokaukiwa ndio unaoivuta sukari.

Na huivuta kwa pupa mapema. John Ivy alionyesha mwaka 1988 kwamba ukichelewesha wanga kwa saa mbili baada ya mazoezi, kasi ya kujaza akiba hushuka karibu nusu. Kwa mkimbiaji wa Iten nchini Kenya anayetoka alfajiri na kurudi tena barabarani saa nne asubuhi, saa mbili hizo ni mali.

Tumchukue wa kilo 55. Mapendekezo ni gramu 1 hadi 1.2 za wanga kwa kila kilo, kila saa, kwa saa nne za kwanza. Basi saa ya kwanza anahitaji gramu 55 hadi 66. Chai vikombe vitatu, vijiko vitatu vya sukari kila kimoja, ni gramu 36. Maziwa yakiwa nusu ya kila kikombe yanaongeza kama 15, pamoja na protini gramu 10. Kipande cha mkate kinamaliza hesabu. Mandazi pia yanafaa, ingawa mafuta yake huchelewesha chakula kutoka tumboni.

Anayekimbia mara moja kwa siku hana haja ya haraka hiyo. Vipimo vya mwaka 1997 vilikuta kwamba waliokula papo hapo na waliosubiri saa mbili walilingana baada ya saa nane, mradi wanga wa jumla ulikuwa sawa. Huyu ale chakula chake cha mchana kwa utulivu. Na aliyezunguka uwanja kwa nusu saa kisha akafungua soda, huyo amekunywa soda tu.

Wenzetu madaktari wa meno wana kesi yao dhidi ya sukari, tena nzito: kwenye Olimpiki ya London 2012 walichunguzwa wanamichezo 302, na asilimia 55 walikuwa na meno yaliyooza. Kambi nyingi zina kocha na mkandaji. Sijaona ratiba ya mazoezi yenye nafasi ya daktari wa meno.