MTOTO MDOGO NAYE ATOKE NJE
(Mazungumzo mbele ya vikundi vya kujisaidia)



Leo sitazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala pesa za mzunguko. Nataka tuzungumze juu ya mtoto mdogo, yule ambaye bado hajaanza shule. Swali langu ni moja: wewe ukiwa shambani, huyo mtoto yuko wapi?

Jibu tunalijua. Mwingine amefungiwa nyumbani na dada yake wa miaka saba. Mwingine ameketi jikoni karibu na mafiga, anavuta moshi. Mwingine yuko mgongoni tangu asubuhi mpaka saa nane. Na siku hizi kuna yule anayepewa simu ili anyamaze. Hatufanyi hivyo kwa ubaya. Kazi ni nyingi na mikono ni michache. Lakini mtoto anaumia.

Kwanza, anakosa jua. Jua likigusa ngozi, mwili hutengeneza vitamini D, na hiyo ndiyo husaidia mifupa kuwa migumu. Mtoto asiyeona jua mifupa yake hubaki laini, na miguu huweza kupinda, yaani matege. Maziwa ya mama peke yake yanatosha kuwa chakula kwa miezi sita ya kwanza, lakini vitamini D iliyomo ni kidogo. Kwa hivyo, hata sehemu zetu za baridi kama Limuru, Kinangop na Kericho, msimfunike mtoto blanketi siku nzima ndani ya nyumba. Jua la asubuhi likitoka, mtoeni, mikono na miguu ionekane. Ila mtoto albino akae kivulini, avae kofia na nguo za mikono mirefu, kwa sababu jua linamuunguza.

Mtoto anayeanza kutembea anaweza kuwa na miguu iliyopinda kidogo, kisha ikanyoka yenyewe. Lakini mkiona inazidi, au amechelewa kutembea, msingoje. Mpelekeni zahanati.

Pili, anakosa kunyoosha mwili. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji kukimbia, kuruka na kucheza kwa saa tatu kwa siku, hata kama ni kidogo kidogo. Yule ambaye hajatambaa alazwe kwa tumbo kwenye mkeka, jumla ya nusu saa kwa siku, akiwa macho na mtu akimwangalia. Asifungwe mgongoni zaidi ya saa moja kwa mfululizo. Na simu? Mtoto wa chini ya miaka miwili asitazame kabisa. Wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku.

Tatu, jikoni kuna moto na moshi. Moshi wa kuni unadhuru mapafu ya mtoto na kumweka karibu na nimonia. Sufuria ya uji ikianguka, hayo mnayajua.

Sasa mtaniuliza: huko nje si kuna minyoo na funza? Ni kweli kabisa. Basi tutengeneze uwanja, tusimfungie mtoto. Haya ndiyo ya kufanya:

- Kila boma liwe na choo. Hata kinyesi cha mtoto mchanga kitupwe chooni. Kuna minyoo ambayo huingia mwilini kupitia nyayo za mtoto anayekanyaga udongo mchafu.
- Nyunyizia maji vumbi, kisha fagia. Funza hupenda vumbi kavu. Mtoto akiweza kuvaa viatu, avae.
- Fyeka majani marefu karibu na nyumba, nyoka asipate maficho.
- Funika kisima na mashimo ya maji. Hata ndoo yenye maji inaweza kumzamisha mtoto anayetambaa.
- Dawa ya ng'ombe na ya mimea ifungiwe juu. Mkebe wake usichotewe maji kamwe.
- Mtoto anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.
- Akifika miezi sita apate vitamini A, na akifika mwaka mmoja apate pia dawa ya minyoo. Zote ni kila baada ya miezi sita, mpaka afike miaka mitano.

Tukishatengeneza uwanja, ni nani atamwangalia? Hapa ndipo kikundi kinaingia. Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Kikundi cha watu ishirini kikitoa wawili kila siku ya kazi, kila mmoja atashika zamu mara moja tu katika siku kumi. Siku tisa utalima ukiwa na roho imetulia, na yule dada wa miaka saba atarudi darasani. Kinachohitajika ni kivuli cha mti, mikeka, maji yaliyochemshwa, uji na sabuni. Vitu vya kuchezea ni mpira wa matambara na vibuyu. Waulizeni majina ya ndege, wahesabu kuku, wapande maharagwe kwenye mkebe. Hayo ni masomo.

Na akina baba, msicheke mkidhani haya ni ya wanawake. Zamu ni yenu pia. Jumapili jioni mshike mtoto mkono, mtembee naye mpaka kwenye zizi, umwonyeshe ndama. Mtoto anayezungumzishwa na baba yake anajifunza mengi.

Ombi langu ni hili. Mkutano ujao, kabla ya kukusanya pesa, katibu aandike majina ya watoto wote wa chini ya miaka mitano, kisha aandike zamu. Mwiteni mhudumu wa afya wa kijiji awatazame watoto hao. Tumeweka akiba ya mabati na ya mbuzi. Hawa watoto ndio akiba yenyewe.

Sasa nangoja maswali.