Kabla ya Kupanda Mlima Kenya, Kagua Begi Lako



Safari ya kwenda Lenana, mita 4,985, huanza kwa jua na jasho msituni. Ndiyo maana wengi huondoka na jinzi na fulana ya pamba. Kosa huanzia hapo. Pamba hunyonya jasho na mvua, haikauki upesi, na jioni upepo ukivuma hupokonya mwili joto. Baridi ya namna hiyo huua hata mwenye nguvu.

Si lazima ununue vitu ghali. Nenda kwenye mitumba na orodha: fulana ya poliesta ya kukaa mwilini, sweta zito la sufu, na koti la juu lisilopitisha maji. Lijaribu nyumbani kwa kulimwagia maji. Ongeza boshori, glavu na tochi ya kichwani, kwani kilele huendewa kungali giza. Viatu vipya vizoee wiki kadhaa kabla.

Nguo kavu na soksi za kulalia zifunge katika mfuko imara usioingiza maji. Plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga zetu tangu Juni 2020.

Nawe unayeajiri mpagazi, kagua begi lake kama unavyokagua lako. Akianza kutetemeka bila kukoma au kuongea kwa kukokoteza maneno, mbadilishe nguo, mpe kinywaji cha moto, kisha mshuke pamoja. Kilele kitangoja.