Mtoto Anyamazaye Darasani

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kusema juu ya mtoto anyamazaye darasani. Huko Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, watoto wengi huja shuleni na Kisukuma cha nyumbani, na masomo hufundishwa kwa Kiswahili. Anyamazaye si mjinga; hajapata maneno tu. Tena elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 madarasa yalijaa, na katika wingi huo ni rahisi kumsahau.

Basi mwalimu na awagawe watoto watano watano, kila kundi liwe na mmoja ajuaye lugha zote mbili. Awape vijiti, wavifunge kumi kumi na kuvihesabu kwa sauti. Mbegu za pamba zisitumiwe, kwani zile za kupandia aghalabu hutiwa dawa yenye sumu.

Akiuliza swali, kwanza kila mtoto amjibu jirani yake kwa sauti ndogo, ndipo mmoja asimame. Aliyekwisha jaribu kwa mwenzake hapati hofu kubwa ya kuchekwa. Haba na haba hujaza kibaba: anenaye neno moja leo, kesho atatueleza habari nzima.